SAFARI FUPI YA TANGA NA MABAHARIA WASIOZOEA
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wengi wa Serikali, na wananchi kwa jumla, hulazimika mara kwa mara kuvuka maji ili kufika katika visiwa vidogo vinavyozunguka Unguja na Pemba. Mwalimu huenda skuli, mkunga huenda kituo cha afya, afisa huenda kukagua mradi, na jamaa huenda arusini au mazikoni. Ijapokuwa boti za mashine zimeenea, vyombo vya tanga bado vinatumika, ama kwa sababu mafuta ni ghali, ama kwa sababu mashine imeharibika siku ya safari.

Nahodha wa chombo cha tanga kwa kawaida ni mtu aliyelelewa na bahari. Watu anaowapakia, hata hivyo, si mabaharia. Inapotokea kwamba vijana wake wa kazi hawapo, abiria haohao hugeuzwa mabaharia kwa muda wa saa moja au mbili. Mmoja hupewa kamba, mwingine hupewa kata ya kufulia maji, na chombo hung'oa nanga. Maelezo haya yametayarishwa ili kueleza hatari iliyomo katika safari ya namna hiyo, sababu zake, na njia za kuiepuka.

Ili mambo yafahamike vyema, tutachukua mfano wa njia moja inayojulikana na wengi, nayo ni ile ya kutoka Mkokotoni kwenda Jongowe, katika kisiwa cha Tumbatu.

1. UFUPI WA SAFARI SI DALILI YA USALAMA

Tumbatu huonekana waziwazi kwa mtu aliyesimama pwani ya Mkokotoni. Upepo ukiwa mzuri, mashua hufika Jongowe kabla ya saa moja kutimia. Kwa sababu hiyo abiria huichukulia safari hii kama kuvuka barabara. Hachukui maji ya kunywa, hamuagi mtu, wala haulizi chombo kitarudi saa ngapi. Angekuwa anakwenda Pemba kwa tanga, bila shaka angefanya yote hayo.

Ukweli ni kwamba chombo hakizami kwa sababu ya urefu wa safari. Huzama kwa jambo linalotokea katika muda wa dakika moja au mbili, na jambo hilo laweza kutokea mita 500 kutoka pwani kama linavyoweza kutokea katikati ya mkondo. Safari ndefu ina fadhila moja ambayo fupi haina: humpa mgeni siku nzima ya kujifunza kabla ya shida kuja. Katika safari fupi, shida ikija humkuta mgeni angali mgeni.

2. UPEPO

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia kiasi cha mwezi wa Disemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Baina ya misimu hiyo ni wakati wa maleleji, ambapo upepo hubadilika na hauaminiki.

Jongowe iko upande wa kaskazini-magharibi ya Mkokotoni. Wakati wa kusi, upepo unapotoka kusini-mashariki, chombo kinachotoka Mkokotoni huwa na upepo nyuma yake. Tanga hufunguliwa, chombo hutulia, na abiria huona raha. Tena upepo huo hutoka nchi kavu, hivyo maji ya karibu na pwani huwa shwari, na mawimbi ya mbali, yakitazamwa kwa mgongoni, huonekana madogo kuliko yalivyo. Mgeni hupata picha mbili za uongo kwa wakati mmoja: kwamba upepo ni mdogo, na kwamba bahari ni tulivu.

Wakati wa kurudi, mambo hugeuka. Upepo uleule sasa huwa mbele ya chombo. Nahodha hawezi kwenda moja kwa moja. Hulazimika kubisha, yaani kukata maji kwa mshazari upande huu kisha upande wa pili, na mwendo wa saa moja huwa wa saa mbili au tatu. Aidha, upepo wa kusi aghalabu huzidi nguvu mchana na alasiri kuliko asubuhi. Hivyo basi, wasiozoea hufanya nusu nyepesi ya safari asubuhi wakiwa na nguvu, na nusu nzito jioni wakiwa wamechoka.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba upepo unaotoka nchi kavu hukisukuma nje chombo kilichoharibikiwa. Chombo kikivunjika foromali na kikaukosa upande wa Tumbatu, huchukuliwa hadi kwenye bahari kuu.

3. MAJI KUJAA NA KUPWA

Katika mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, tofauti hiyo huwa mita 1 au zaidi kidogo tu.

Siku za bamvua maji ya Unguja hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mtumishi anayepanga ziara ya kikazi anaweza kwa kuutazama mwezi tu kukisia ni saa ngapi miamba na mafungu ya mchanga yatakuwa wazi.

Jambo jingine lisilofahamika kwa wengi ni kwamba maji hayashuki kwa kasi moja. Katika saa 6 za kupwa, saa ya kwanza hushuka kidogo sana. Saa ya tatu na ya nne hushuka nusu nzima ya kiasi chote. Siku ya bamvua hii ni sawa na mita 1 kwa kila saa. Mtu anayeomba nahodha amngojee "dakika chache tu" katika saa hizo, anamwomba akubali kupoteza kina cha maji ambacho ndicho kitakachokivusha chombo juu ya mwamba.

4. TANGA NA KAZI ZAKE

Tanga la mashua hufungwa kwenye foromali, nayo foromali hutwekwa mlingotini kwa kamba ya henza. Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa kwa kamba iitwayo demani. Demani ikivutwa, tanga hukaza na kushika upepo. Ikilegezwa, tanga humwaga upepo na chombo husimama wima. Kwa hiyo mwenye kushika demani ameshika roho za watu wote waliomo chomboni.

Mgeni akipewa demani, mkono wake huchoka upesi. Atakachokifanya, kwa nia njema kabisa, ni kuizungusha kamba mara kadhaa na kuifunga kwa fundo. Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Dharuba ya upepo ikija, kamba haiwezi kufunguliwa kwa haraka, tanga haliwezi kumwaga upepo, na chombo hulala ubavu. Kanuni ya kale ya mabaharia ni kwamba demani haifungwi kwa fundo katika chombo kidogo. Huzungushwa mara moja mahali pake, na mwisho wake hubaki mkononi.

Wakati wa pili wa hatari ni ule wa kupindua. Katika vyombo vyetu foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti, na ili kubadili upande ni lazima ihamishwe. Nahodha akipindua kwa demani, hugeuza tezi kwenye upepo, foromali husimamishwa wima na kupitishwa upande wa pili, na demani huzungushwa mbele ya mlingoti. Kazi hii huhitaji watu wasiopungua watatu wanaoelewana, pamoja na mwenye usukani. Abiria aliyesimama mahali pasipostahiki hupigwa na kamba au na foromali yenyewe.

Wakati wa tatu ni pale chombo kinapoinama. Katika mashua isiyo na shehena, abiria ndio farumi, na farumi hiyo ina miguu. Chombo kinapoinama, kila mtu hutaka kusimama na kushika kitu. Uzito wa watu ukipanda juu, chombo hupungukiwa na uthabiti. Ukihamia upande wa demani, ambao ndio ulioinama, maji huingia. Abiria aliyekaa chini sakafuni, akiegemea upande wa joshini unakotoka upepo, amekwisha kufanya kazi ya ubaharia bila ya kushika kamba yoyote.

5. TUKIO LA KUZINGATIWA

Miaka mingi iliyopita, msafara wa watumishi wanane wa ofisi moja ulivuka kwa mashua kwenda Jongowe kwa kazi ya siku moja. Ulikuwa wakati wa kusi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Safari ya kwenda ilikuwa nyepesi, na kabla ya kushuka nahodha alisema wazi kwamba chombo kitaondoka saa 8 mchana, maji yakiwa yanajaa na jua likiwa juu.

Saa 8 ilipofika kazi haikuwa imekwisha. Nahodha alimfuata mkuu wa msafara mara mbili. Mara ya pili alimwambia, "Bwana, maji hayangoji mtu." Mkuu wa msafara alimjibu, "Mzee, sisi tupo katika kazi ya Serikali. Tungojee kidogo." Nahodha hakusema zaidi. Chombo kiliondoka saa 11 na robo jioni, maji yakiwa yamejaa na kuanza kupwa, na kusi ikivuma kwa nguvu.

Kijana mmoja kati ya wawili wa chombo alikuwa amechoka kungoja na amekwenda zake. Nafasi yake ilichukuliwa na karani aliyejitolea, kijana mwenye nguvu ambaye hakuwahi kupanda chombo cha tanga kabla ya asubuhi ile. Alipewa demani, na hakuna aliyemweleza kwamba haifungwi. Walipokuwa wanabisha kwa mara ya tatu, jua likizama, dharuba ilikuja. Chombo kililala, maji yakaingia, na watu sita wakasimama kwa pamoja. Mkunga mmoja wa makamo, mwenyeji wa kisiwa hicho, ndiye peke yake aliyebaki chini, akiwavuta wenzake nguo na kupiga kelele, "Kaeni! Kaeni kitako!"

Nahodha aliuacha usukani, akaikata demani kwa kisu. Tanga lilipiga kama bunduki, chombo kikainuka kikiwa kimejaa maji hadi magotini. Tanga likatuliwa. Kwa muda wa karibu saa nzima watu walifua maji kwa kata, kwa sufuria na kwa viatu, huku chombo kikirudishwa nyuma na upepo. Nahodha aliamua kurejea Jongowe. Mkuu wa msafara alitaka kusema neno, kisha akanyamaza.

Hakuna aliyepoteza maisha. Daftari zote za kazi ya siku ile zililowa zikawa uji, na kazi iliyowafanya wangojee ilibidi irudiwe upya. Msafara ulilala kisiwani kwa ukarimu wa wenyeji, na alfajiri, upepo ukiwa mwepesi, ulivuka bila taabu. Huko Mkokotoni jamaa zao walikuwa wamekesha pwani na taa.

Mkuu wa msafara ule ndiye mwandishi wa maelezo haya. Karani aliyeifunga demani hakuwa na kosa lolote. Kosa lilifanyika saa 8 mchana, nchi kavu, na lilifanywa na mtu aliyedhani kwamba cheo chake kinavuka maji pamoja naye.

6. MAMBO YANAYOSHAURIWA

Kwa kuzingatia hayo yaliyoelezwa, watumishi na wananchi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Kabla ya safari. Utabiri wa hali ya hewa ya baharini unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe. Nyakati za kujaa na kupwa zijulikane. Mtu mmoja anayebaki nchi kavu aachiwe orodha ya majina, jina la chombo, na saa ya kurudi, na aelezwe afanye nini saa hiyo ikipita.

(b) Saa ya kurudi. Ipangwe kabla ya saa ya kwenda, na ipangwe na nahodha. Ratiba ya kazi ndiyo itakayofuata saa hiyo, wala si saa kuifuata ratiba. Kazi ikiwa haikwisha, ama hurudiwa siku nyingine, ama msafara hulala.

(c) Idadi ya watu. Chombo kisipakiwe kupita kiasi kinachoruhusiwa. Wananchi hawajasahau msiba wa MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba, 2011 ikiwa imechukua watu wengi mno kuliko uwezo wake, wala wa MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai, 2012. Hizo zilikuwa meli za mashine. Mashua ina akiba ndogo zaidi ya ubavu juu ya maji, na mtu mmoja aliyezidi huipunguza akiba hiyo.

(d) Majaketi ya kujiokolea. Yavaliwe tangu pwani. Jaketi lililowekwa chini ya mizigo haliwezi kuvaliwa chombo kikiwa kimelala. Viatu vizito na nguo za kuburura zipunguzwe au zifungwe vizuri.

(e) Kazi moja kwa mtu mmoja. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha amwonyeshe kila msaidizi kazi yake moja, na msaidizi airudie kwa maneno yake mwenyewe. Demani ivutwe na kulegezwa mara mbili tatu chombo kikiwa bado kimefungwa. Anayefua maji asipewe kazi nyingine. Asiye na kazi, kazi yake ni kukaa chini.

(f) Amri. Nahodha aeleze maneno atakayotumia, yawe machache, na yasemwe kwa sauti. "Legeza" iwe na maana moja tu. Abiria asimpe nahodha ushauri wakati wa kupindua, wala asimuulize maswali.

(g) Kisu na kata. Kisu kikali kiwe karibu na nahodha na kata ziwe mbili au zaidi. Vyote hivi ni vya bei nafuu.

(h) Mtu akianguka majini. Atupiwe kitu kinachoelea papo hapo, na mtu mmoja ateuliwe kumnyooshea kidole bila ya kumwachia macho hadi apatikane. Kichwa cha mtu hupotea upesi baina ya mawimbi.

(i) Chombo kikipinduka. Watu wabaki nacho. Mashua ya mbao isiyo na farumi nzito kwa kawaida huelea hata ikijaa maji, na huonekana kwa mbali kuliko mtu anayeogelea. Wengi huangamia kwa kudhani kwamba pwani iko karibu.

(j) Kuomba msaada. Simu za mkono zifungwe ndani ya mifuko ya plastiki isiyopitisha maji. Namba ya dharura ni 112. Chombo chenye redio ya VHF kitumie chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito wa dharura baharini.

7. NENO KWA WAKUU WA OFISI

Mtumishi wa Serikali amezoea utaratibu wa vyeo, na utaratibu huo ni mzuri mahali pake. Chomboni kuna cheo kimoja tu, nacho ni cha nahodha, hata akiwa mzee asiyejua kusoma na abiria wake ni Katibu Mkuu. Nahodha anayetegemea nauli ya ofisi ataona haya kumkatalia mkubwa mara tatu. Hukataa mara moja, mara ya pili hukumbusha, mara ya tatu hunyamaza na kutweka tanga. Kwa sababu hiyo haitoshi kwa mkuu wa msafara kuwa tayari kumtii nahodha iwapo atakataa. Inampasa amwambie mapema, mbele ya watumishi wote, maneno haya au mfano wake: "Mzee, ukisema twende tutakwenda, ukisema hatuendi hatuendi, na hapana atakayekulaumu." Maneno hayo yakisemwa, nahodha hupata uhuru wa kuifanya kazi yake, na vijana wasiozoea hujua ni sauti ya nani waifuate.

Wakuu wa ofisi zenye watumishi wanaovuka maji wanaombwa kuyasoma maelezo haya pamoja na watumishi hao kabla ya ziara inayofuata, na kuyabandika mahali pa kuonekana. Masheha wa shehia za pwani nao wanaombwa kuwafikishia wananchi wao. Manahodha wenye jambo la kuongeza au kusahihisha wanakaribishwa kuliwasilisha kwa masheha wao, kwani elimu hii asili yake ni kwao.